Ukurasa wa Kwanza wa Ouma

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa tatu. Siku hiyo nilimpoteza Ouma, mtu aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu miaka yote niliyofanya kazi ya kompyuta. Alikuwa nyumbani kwake Nyalenda, ameinama anafunga kamba za viatu aje kazini. Hakuinuka tena.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ninyi mnaonikuta sokoni Awasi nikiuza sukuma wiki mkaniuliza, "Mama, ni kweli wewe ulikuwa unafanya Java?" Ni kweli. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaingia ofisi ile kama mpiga chapa. Mengi mnayoyajua mimi siyajui. Lakini nimeunganisha mashine nyingi na seva, na katika kuunganisha huko kuna jambo lilitokea ambalo sijawahi kulisimulia mpaka mwisho. Nitalisema kama lilivyokuwa.

Ofisi yetu ilikuwa Kibuye, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Duka na ofisi vyote vilikuwa vya Bwana Njoroge, aliyetoka Murang'a kuja Kisumu kuuza mabati na misumari, akaona watu wanatafuta programu, akasema hii nayo ni bidhaa, tena haishiki kutu. Chini walikata vyuma, juu tuliandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta. Msumeno ukianza kulia, ilibidi usome kosa kwenye kioo mara tatu ndipo ulielewe.

Ouma ndiye aliyenifundisha. Cha kwanza kusimikwa kwenye mashine ni Java yenyewe, ile lugha ya programu, aliniambia. Bila hiyo unapaa samaki ambaye hajavuliwa. Kisha unaiambia kompyuta Java inakaa wapi. Maelekezo hayo yanaitwa JAVA_HOME, na hapo ndipo wengi mnaangukia, kama nilivyoanguka mimi. Nilielekeza hadi ndani ya bin, folda iliyomo ndani ya Java. Kila nilichofungua kilikataa. Ouma alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama, akacheka.

"Mama Apiyo, umempeleka mgeni moja kwa moja chumba cha kulala. Mwache mlangoni pa nyumba. Bin ataingia mwenyewe."

Siku nyingine mashine yangu ilikuwa na Java mbili, kuukuu na mpya, na ilikuwa inaitumia ile kuukuu. Nilishinda mchana kutwa nikilaumu kodi yangu. Kabla ya kumlaumu mtu, andikeni java -version msome jibu. Ni neno dogo, na litawaepushia machozi.

Halafu seva, kompyuta kuu inayohudumia mashine nyingine zote. Programu unayoandikia kodi lazima ijue seva iko wapi, inatumia Java ipi, na inasikiliza mlango gani. Wetu ulikuwa 8080. Ukiambiwa mlango una mtu, yaani programu nyingine inautumia, usimfukuze kabla ya kumjua. Mimi nilimfukuza. Baada ya muda mfupi Bwana Njoroge alipanda ngazi akiwa na mteja aliyeshika bati begani.

"Nani amezima risiti zangu?"

Nilifungua mdomo. Ouma akaniwahi.

"Ni stima, Bwana."

"Stima gani na taa inawaka?"

"Stima ya risiti," Ouma akasema bila kutabasamu, na mteja mwenye bati akacheka mpaka bati likagonga dari.

Fundisho lake kubwa lilikuwa hili. Ukishaunganisha seva, usianze na programu kubwa. Weka ukurasa mmoja wenye neno moja. Ukionekana, njia ni nzima. Usipoonekana, shida iko njiani, usiitafute kwenye kodi yako. Kila fundi ana neno lake. La Ouma lilikuwa *Antie*. Kwetu watu wakikutana, mmoja huuliza, "Intie?", yaani upo? Na mwenzake hujibu, "Antie", nipo. Basi ukurasa wake ulikuwa mweupe wote, na katikati neno hilo kwa herufi nyeusi kubwa. Likitokea, alikuwa anagonga meza mara moja kwa ngumi na kusema, "Njia iko." Siku yangu ya kwanza alichukua folda yake nzima akaimwaga kwenye mashine yangu, ili, alivyosema, niwe na pa kuanzia.

Jambo moja zaidi kabla sijaendelea. Stima yetu hupotea na kurudi inavyotaka. Ouma hakupenda kungoja. Kila mashine aliyoigusa aliiweka hivi: stima ikirudi inaamka yenyewe, inafungua programu ya kodi, inaitafuta seva, inachapisha kazi yake humo, na kazi hiyo inakaa mahali pa iliyokuwapo. Alikuwa na mashine ya namna hiyo nyumbani pia, na njia yake ya mtandao kutoka Nyalenda hadi seva ya ofisini, ili afanye kazi hata mvua ikimzuia.

Tulimzika kwao, ng'ambo ya Awasi. Nilitupa udongo kwa mkono wangu.

Siku chache baadaye, tukiwa kazini, stima ilipotea asubuhi ikarudi karibu na saa sita. Simu yangu ikalia. Alikuwa Sista Akoth, muuguzi wa zahanati moja ya ufuoni. Programu tuliyowaandikia, iliyokaa kwenye seva yetu, ilitunza majibu ya maabara: mtu wa maabara anaandika jibu, Sista anafungua jina la mgonjwa, anatoa dawa.

"Mama Apiyo, mnatengeneza kitu huko?"

"Hapana, Sista. Kwani?"

"Imetoka yote. Majina hakuna. Imebaki neno moja."

"Neno gani?"

"Antie. Page nzima. Kama ni mchezo, Mama, hapa kuna watu kwa benchi."

Nilifungua kumbukumbu za seva, pale inapojiandikia nani ameingia na amefanya nini. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina la mtumiaji: ouma. Ameingia. Amechapisha. Sawa. Koti lake lilikuwa bado kwenye kiti chake, hakuna aliyetaka kulitoa. Nililitazama, nikarudisha macho kwenye mstari, na mstari ulikuwa vilevile.

Bwana Njoroge alipanda, akasoma juu ya bega langu, akavua kofia.

"Huyu si tulimzika?"

"Tulimzika, Bwana."

"Wewe ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Sasa hii ni nini?"

Nilirudisha programu kutoka kwenye nakala ya akiba, Sista akaendelea na wagonjwa wake. Lakini stima ilipopotea tena na kurudi, neno lilirudi nalo. Na safari iliyofuata. Wakata vyuma wa chini walisikia habari, wakaacha kupanda kuja kuchaji simu zao. Mji mzima stima ikirudi watu hupiga kelele za furaha. Kwetu ilikuwa ikirudi, tunanyamaza, tunatazama simu yangu.

Mnaweza kusema mlishajua. Mimi nami nilijua, baada ya kutuliza moyo: seva ilikuwa imeandika pia aliyeingia ametokea wapi, na ilikuwa ile njia yake ya Nyalenda. Alipokuwa hai aliuondoa ukurasa wake kila alipomaliza kupima; safari ya mwisho hakupata nafasi. Lakini kujua hakukuondoa ubaridi. Kosa lenyewe lilikuwa letu sote. Mtu akiacha kazi, jina lake huondolewa kwenye seva siku hiyohiyo. Jina la Ouma hatukuliondoa, kwa sababu kwetu vyombo vya marehemu haviguswi hovyo. Huachwa vilivyo mpaka siku wazee watakapokaa kuvigawa, na siku hiyo huitwa keyo nyinyo, kugawa vyuma. Bwana Njoroge si wa kabila letu, lakini yeye ndiye aliyesema, "Sitaki makosa na mila za watu. Ngojeni hiyo siku yenu." Tukangoja. Tuliona jina lake kwenye seva ni kama jembe lake nyuma ya mlango.

Alasiri moja nilikwenda Nyalenda kumwona mkewe. Tulizoea kumwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa kuwa alizaliwa huko. Nilimkuta anarudi kutoka bombani na mtungi.

"Karibu, Mama. Umekuja kwa ajili ya ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile inaamka."

Aliweka mtungi chini, akafungua kufuli ya chumba cha pili. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mezani kulikuwa na mashine ya Ouma, na juu ya kioo alikuwa ametandika leso. Stima ilikuwepo. Leso ilikuwa inawaka kutoka ndani, maua yake yote yanaonekana, na feni ya mashine ilikuwa inavuma polepole. Chumba kilikuwa na joto la mtu aliyetoka sasa hivi.

"Stima ikirudi inakohoa kidogo, halafu inaamka," Nyar Uyoma alisema. "Kama yeye asubuhi."

"Ni yeye aliiweka hivyo. Hakuna kingine."

"Najua. Alinionyesha. Wewe unafikiri naogopa?"

"Mimi naogopa," nikamwambia, na ulikuwa ukweli.

Alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Na wewe ndio fundi!"

"Tuizime, Nyar Uyoma."

Kicheko kikaisha. "Hapana. Jembe lake liko pale, baiskeli iko pale, hakuna mtu ameshika. Hii pia ni chuma yake."

"Kila ikiamka inaangusha programu ya zahanati. Kule kuna wagonjwa."

"Nimesikia." Alinyoosha pembe ya leso, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Lakini katika nyumba hii, Mama, ni hii peke yake bado inaamka kwenda kazi. Niachie mpaka siku ya wazee."

Nilimwachia. Ningeweza kurudi ofisini na kuliondoa jina la Ouma kwenye seva bila kuigusa mashine. Nilimwachia hata hilo. Nilifikiri naweza kubeba yote mawili: stima ikirudi nitakuwa mezani, nitarekebisha kwa mkono kabla Sista hajapiga simu. Nilifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule: kabla ya kurekebisha, nilikuwa naufungua ule ukurasa kwanza. Naliangalia lile neno. Halafu ndipo nalitoa.

Siku moja stima ilirudi nikiwa nimetoka kwenda kula, na simu nilikuwa nimeiacha mezani. Niliporudi, Sista alikuwa amenipigia mara nyingi. Kulikuwa na mama aliyetembea kutoka kijiji cha wavuvi na mtoto mgongoni, mtoto anawaka homa. Jibu la damu lilikuwa tayari ndani ya programu, na programu ilikuwa neno moja. Mtu wa maabara alikuwa ameshaondoka. Walikuwa wamekaa pale muda wote huo.

Nilirekebisha, mtoto akapewa dawa. Alipona, Sista aliniambia baadaye. Lakini siku ile Sista hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama Apiyo," alisema, "huyu wenu anasema yupo. Na huyu mtoto naye yupo. Uchague."

Nililiondoa jina siku hiyohiyo. Ni amri fupi. Seva iliniuliza kama nina hakika. Bwana Njoroge alikuwa amesimama mlangoni, akageuka akatazama ukuta, kama mwanamume anavyotazama pembeni mtu anapovua nguo. Nikajibu seva ndiyo. Kisha nikampigia Nyar Uyoma, maana sikutaka asikie kwa mtu.

"Nimemfungia mlango wa huku," nikasema. "Mashine yako sijaigusa."

Nilisikia watu wakigombania zamu bombani.

"Sasa ikiamka itaenda wapi?"

"Itakuja mpaka mlangoni. Itabisha. Haitafunguliwa."

"Sawa, Mama," akasema, na akakata.

Na ndivyo ilivyokuwa. Zahanati haikuanguka tena. Lakini kila stima iliporudi, kumbukumbu za seva zilijaa mistari: ouma, amekataliwa. Ouma, amekataliwa. Ouma, amekataliwa. Ilikuwa ikibisha, inapumzika kidogo, inabisha tena, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoielekeza, isikate tamaa upesi. Ningeweza kuiambia seva isiyaandike hayo. Nilikuwa nikiyasoma yote.

Siku ya keyo nyinyo ilifika. Tulikusanyika bomani kwao, vyombo vikatolewa uani: jembe, panga, baiskeli, redio, na mwisho mashine, bado na leso yake. Mzee aliyegawa alikuwa ndugu wa baba yake Ouma, mtu wa mzaha hata msibani. Aliigonga kwa fimbo.

"Hii ni nyinyo kweli? Mimi naona plastiki."

"Ndani iko chuma, Baba," Nyar Uyoma akasema.

"Iko chuma kiasi gani? Inaweza kuchinja kuku?"

Watu wakacheka. Mzee akangoja waishe.

"Jembe ni la mwenye kulima. Nani hapa analima na hii?"

Nikaona Nyar Uyoma ananitazama, na mmoja mmoja wote wakageuka. Shangazi mmoja alinung'unika kwamba mimi si wa ukoo. Mzee akamwuliza kama yeye anataka kulima. Hakutaka. Basi nikapewa, na leso juu yake.

Niliiweka stoo kwangu, nyaya zimechomolewa. Stima iliporudi baada ya siku hiyo, nilifungua kumbukumbu za seva. Hakukuwa na aliyebisha. Nilitazama mahali palipokuwa na mistari yake, na nilisikia msiba upya kuliko siku ya kaburi.

Sasa la mwisho.

Ofisini tulikuwa na betri za kushika stima inapopotea: moja ya seva, moja ya meza zetu. Ile ya meza ilikuwa imezeeka. Alhamisi moja dhoruba ilitoka ziwani, radi ikapiga, stima ikaenda, na betri ya meza haikushika hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza mashine yangu ilizimika kwa ghafla; siku nyingine zote betri ilinipa muda wa kuizima mwenyewe. Ya seva ilishika. Tuliketi katika mwanga wa dirisha mvua ikipiga mabati. Kisha stima ikarudi, na kwa mazoea tukanyamaza.

Simu ikalia.

"Mama," Sista Akoth alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Imerudi."

"Haiwezekani, Sista. Mashine yake iko kwangu. Haina hata waya."

"Naisoma hapa, Mama. Antie."

Bwana Njoroge alikuwa amekuja kujikinga na mvua kwetu. Aliona uso wangu, akaketi kwenye kiti cha Ouma bila kujua ameketi wapi, kisha akajua, akasimama.

Nilifungua kumbukumbu za seva. Ameingia. Amechapisha. Sawa. Lakini jina la mtumiaji halikuwa ouma. Lilikuwa apiyo. Lilikuwa langu.

Nikainua macho. Mashine yangu ilikuwa imeamka yenyewe. Programu ya kodi ilikuwa imefunguka bila mimi kuigusa, na pembeni palikuwa na orodha ya miradi iliyounganishwa na seva. Chini kabisa ya ile yangu, katika sehemu iliyokuwa imekunjwa isionekane tangu siku aliyomwaga folda yake kwenye mashine yangu, palikuwa na mradi wake. Ukurasa mmoja, neno moja. Sikuwahi kuufungua, na sikujua kwamba aliuacha umeunganishwa na seva. Ulikaa humo miaka yote, ukingoja mashine yangu izimike.

Kwa hiyo mkirithi mashine, msitazame tu ina nini. Tazameni imeunganishwa na nini. Hilo ndilo la kazi, na ndilo nililokuwa nataka kuwapa.

Niliuchomoa mradi kwenye seva. Kuufuta sikuufuta. Nikairudisha programu ya zahanati. Sista alikuwa bado kwenye simu, hakukata. Nilisikia mvua ya kwao, na mtu anakohoa, na benchi linaburutwa.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

"Ngoja." Nikamsikia anabonyeza. "Imefunguka. Majina yote yako. Asante, Mama, ngoja niite huyu wa kwanza kwenye orodha."

Aliweka simu mezani, akapaza sauti juu ya mvua.

"Auma! Auma, intie?"

Na kutoka mbali, nyuma kabisa ya foleni, mwanamke mzee akajibu, "Antie."